Sura Iliyorukwa

"Picha," simu ilisema. Opereta akatelezesha kidole. "Picha," ikasema tena. Akatelezesha mara ya tatu, ya nne, mpaka ya kumi na moja, na kila mara ile sauti ya kiume inayotokea puani ikamjibu neno lile lile, bila kuchoka wala kuona haya.

Mumewe alikuwa ng'ambo ya meza, akishona kifungo cha shati lake mwenyewe, kazi ambayo fundi cherehani yeyote huiahirisha mpaka mkewe amwonee aibu. "Labda Mgeni ana mafua leo," alisema.

Mgeni ndilo jina walilompa msemaji wa ile simu, kwa sababu alishinda nao mchana kutwa, akaongea bila kuulizwa, na hajawahi kuchangia hata kipande cha sabuni. Ndiye aliyemsomea Opereta ujumbe, magazeti, na maelekezo ya dawa. Siku nyingine Fundi alimwonea wivu, ingawa asingekubali kusema hivyo.

"Hana mafua," mkewe alijibu. "Maandishi hayamo. Wamezipiga kurasa picha wakazitia humu hivyo hivyo. Wewe ukitazama unaona kitabu. Yeye anaona ukuta uliopakwa chokaa."

"Kitabu kizima?"

"Kurasa mia mbili na kumi."

Mtaa mzima ulimwita Opereta, maana kwa miaka kumi na tisa ndiye aliyepokea simu za hospitali kuu. Alipofushwa na surua akiwa na miaka minane, lakini alizijua namba za wodi zote, madaktari na hata jikoni, kichwani, na kwa pumzi tu alimtambua mtu anayepiga kuulizia maiti na anayepiga kuulizia kazi. Sasa hospitali ilikuwa imenunua mtambo: bonyeza moja kwa wodi ya wazazi, bonyeza mbili kwa maabara. Baada ya miezi mitatu chumba cha simu kingefungwa. Mkuu wa utumishi alimwita akamwambia kwamba mlango umebaki mmoja tu, dawati jipya la ushauri nasaha kwa njia ya simu, kwa wagonjwa na jamaa zao. "Sauti unayo, moyo unao," alisema. "Ila lazima ufaulu mtihani. Ukifaulu, kiti ni chako. Usipofaulu, mama, mimi sina la kufanya." Mtihani ulikuwa wiki tisa mbele, na wote ulitoka katika kitabu kimoja, nacho kilikuwa kikiuzwa kwenye mtandao peke yake.

Opereta alikuwa amekinunua siku ile ile, mbio mbio kama mtoto aliyetumwa peremende. Alifurahi sana kwamba kitabu ni cha kielektroniki. Alidhani basi ni cha kwake.

Alipiga simu kwa wachapishaji akaweka spika wazi, na Fundi akasikia yote.

"Umejaribu kuongeza mwanga wa skrini, mama?" kijana wa huduma kwa wateja aliuliza.

"Mimi sioni, mwanangu."

"Ooh, pole. Basi yakuze maandishi. Unaweka vidole viwili, unavitanua hivi..."

"Sioni kabisa. Nasoma kwa simu inayosema."

Yule kijana, kwa upole kabisa, akauliza, "Kwani hapo nyumbani hakuna mtu wa kukusomea?"

"Wapo watu. Lakini kitabu nimenunua mimi, na mtihani ni wangu. Nataka nisome mwenyewe."

"Nakuelewa, mama. Ila mfumo ndivyo ulivyo. Tukiyaacha maandishi wazi, watu watakinakili kitabu. Nimeandika ombi lako, litashughulikiwa ndani ya siku kumi na nne za kazi."

Opereta alimshukuru kwa ile sauti yake ya kazini, laini, isiyo na mkunjo, akailaza simu kifudifudi. "Miaka kumi na tisa nawaambia watu wasubiri kidogo kwenye laini," alisema. "Leo nimejua nilichokuwa nikiwafanyia."

Siku kumi na nne za kazi zilipita, akapiga tena, akaandikiwa ombi jipya. Wiki ya nne ilipoanza Fundi akapiga moyo konde. "Nitakusomea mimi," alisema.

Haikuwa ahadi ndogo. Yeye shule aliiacha darasa la sita, na tangu hapo alichosoma ni namba za futi kamba na majina ya wateja kwenye vipande vya karatasi. Msomaji wa nyumba ile alikuwa mkewe. Rafu nzima ukutani ilijaa vitabu vyake vya nukta nundu, vinene kama matofali, na ilikuwa kawaida Fundi kumkuta amekaa gizani, taa haijawashwa, vidole vikitembea juu ya karatasi na midomo ikitabasamu peke yake. Opereta akasema, "Soma pole pole tu. Usiruke maneno magumu, yatamke hata kama yanakushinda. Mimi nitayanyoosha."

"Siruki," Fundi alisema.

*

Alisoma kibandani kwake, asubuhi kabla wateja hawajafika na mchana wakati wa jua kali, simu yake, ambayo nayo walikuwa wamekitia kitabu, akiwa ameiegemeza kwenye kopo la pini ili irekodi huku akisoma. Alisoma amesimama, mikono mgongoni, kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa. Neno refu alilipima kwanza kwa macho kama kitambaa, akalikata vipande, akalitamka kipande kwa kipande. Jasho lilimtoka kuliko akiwa na pasi ya mkaa mkononi.

Na watu hawakumwacha. Katikati ya "namna ya kumtuliza mtu mwenye hofu" mama mmoja aliingia na sketi iliyoharibika zipu, akaanza kufoka kwamba ameaibika kwenye arusi ya watu. Fundi akamwonyesha simu kwa kidole, kwamba inarekodi. Yule mama akaiinamia simu akaifokea nayo. Mwingine alisimama mlangoni muda mrefu, suruali begani, kisha akauliza, "Fundi, umeanza kuhubiri?"

Jioni Opereta alisikiliza akikunja nguo, na kicheko chake kilisikika mpaka kwa jirani. Alizijua sura kwa vishindo vyake. "Nirudishie ile ya mama wa zipu," alisema, maana yake sura ya tatu. Alirudia kwa sauti, akajiuliza maswali, akajijibu. Mara nyingine alimsifu mumewe bila kumvika kilemba cha ukoka. "Leo umesoma ukurasa mzima bila kukohoa. Umekuwa mwalimu." Fundi, mtu mzima mwenye mvi masikioni, alikwenda kulala siku hiyo akiwa na furaha ambayo hakuwa nayo miaka mingi.

Sura sita zilikwisha hivyo. Wiki tatu zilikuwa zimebaki.

"Sura ya Saba," Fundi alianza, asubuhi ya siku ya Jumanne. "Kumsikiliza mzazi aliyefiwa na mtoto."

Akasimamisha kurekodi.

Alikivuta kigoda akakaa, akaendelea kusoma kwa macho. Mwanzoni mwa sura kulikuwa na mfano wa mwanamke ambaye mtoto wake alishikwa na homa, akapelekwa zahanati, akarudishwa nyumbani na chupa ya dawa ya maji, na siku ya tatu akafa. Mwanamke yule alikuwa akirudia neno moja tu: ningejua.

Wao mtoto wao alikuwa msichana wa miaka minne. Walimwita Kijiko, kwa sababu tangu alipojua kushika kitu hakukubali kuachana na kijiko, alilala nacho, alioga nacho, na mara mbili alikwenda nacho mazishini kwa watu. Mama yake alikuwa akimsomea hadithi kitandani taa ikiwa imezimwa, na mtoto akiingiza kiganja chake chini ya kiganja cha mama, akijidai naye anasoma. Homa ilimchukua kwa siku tatu. Miaka kumi na moja sasa. Kabla ya hapo waliitana Mama Kijiko na Baba Kijiko, kama wazazi wote wanavyoitana. Hakuna aliyekata shauri kuacha. Wiki ile ya kwanza neno halikutoka mdomoni, na wiki ya pili halikutoka, basi yeye akawa Fundi kama alivyo kwa wateja, na mkewe akawa Opereta kama alivyo kwa hospitali nzima, na nyumba ikaendelea.

Alifunua ukurasa. Kitabu kilitaja maneno ambayo mzazi aliyefiwa hapaswi kuambiwa, na la kwanza kabisa lilikuwa hili: *Mungu atakupa mwingine.*

Hayo maneno aliyasema yeye. Aliyasema siku ya mazishi, mkewe akiwa amekaa sakafuni na kile kijiko mikononi. Hakuna aliyemtuma. Aliyasema kwa sababu kila mtu alikuwa akimtazama, na ilibidi mwanamume aseme kitu. Na mwingine hawakupewa.

Alikaa na simu mapajani mpaka mteja wa kwanza akaja, akapimwa, akaondoka. Alijiambia kwamba mkewe ataumia bure. Alijiambia kwamba kidonda kimekwisha kufunga, nani akifumue kwa ajili ya mtihani? Alijiambia kitabu kina sura kumi na mbili, na haiwezekani waulize zote. Yote hayo aliyaamini. Lile moja ambalo hakujiambia ni kwamba hangeweza kulitamka lile neno kwa sauti yake na mkewe akalisikiliza.

Akafunua kurasa kumi na nane kwa mkupuo. Akafuta kile kipande cha mwanzo, akaanza kurekodi upya, akasafisha koo.

"Sura ya Saba," alisema. "Ulevi katika familia."

Na tangu hapo ya tisa aliiita ya nane, ya kumi akaiita ya tisa, mpaka mwisho. Opereta alipokwisha kusikiliza zote alihesabu kwa vidole. "Mwanzoni walisema sura ni kumi na mbili. Mimi ninazo kumi na moja."

"Ya mwisho ni majina ya vitabu tu," Fundi alisema. "Majina matupu, mke wangu. Ningekuchosha."

"Haya," alisema Opereta. Alimwamini papo hapo, na Fundi angetamani asimwamini.

Kila asubuhi baada ya hapo, kabla ya kufungua dirisha la kibanda, Fundi aliifungua ile sura akaisoma. Alisoma kimya, midomo ikicheza, kisha akainuka akaanza kazi.

*

Siku ya mtihani alimsindikiza, akakaa kwenye benchi la korido akiwa ameshika fimbo nyeupe ya mkewe. Opereta alikuwa amevaa gauni alilomshonea yeye, la kola. Walimpa chumba cha peke yake na karani mmoja, msichana wa kumsomea maswali na kumwandikia majibu. Kuta zilikuwa za mbao, na sauti ya mkewe ilimfikia Fundi ikipanda na kushuka kwa utulivu, bila kigugumizi. Alianza kutabasamu. Halafu sauti ikakatika. Mlango ukafunguliwa, karani akatoka mbio mbio, akarudi na mwanamume mwenye miwani. Kukawa na mazungumzo, na mtu akacheka kidogo, kisha hakuna aliyecheka.

Alipotoka, Opereta alinyoosha mkono. Fundi akampa fimbo. Siku zote walitembea amemshika mumewe kiwiko. Siku ile alitangulia mwenyewe, akigonga sakafu.

Walikuwa wamefika barabarani alipofungua mdomo. "Swali la nne lilikuwa la alama thelathini. Eleza hatua tano za kumpokea mzazi aliyefiwa na mtoto, kama zilivyotajwa katika Sura ya Saba."

Fundi alipunguza mwendo.

"Nikamwambia yule binti, Sura ya Saba ni ya walevi, mwanangu. Akasema, hapana mama, walevi ni wa nane. Nikamwambia hiyo unayoitaja haimo kitabuni. Nikabisha, Fundi. Mimi nikabisha! Akamwita msimamizi. Akanihesabia kurasa, kumi na nane, mbele ya binti yule. Akaniuliza mimi nilisoma kitabu gani."

"Sikutaka uumie," Fundi alisema. Sauti ilimtoka ndogo.

"Nani alikwambia nimepona?"

Gari lilipita, wakangoja. Mkewe hakuwa akilia. Afadhali angelia, Fundi alifikiri.

"Ningekuwa naona," Opereta alisema, "ungenichania kurasa?"

Akaendelea kugonga fimbo mbele yake mpaka nyumbani.

*

Pasi ilikuwa alama sitini, na Opereta alipata hamsini na mbili. Kwenye swali la nne alipewa tatu. Majibu yake, waliandika, hayakufuata hatua za kitabu. Fundi hakupata kujua mkewe alimwambia nini yule karani amwandikie, na hakuwa na uso wa kuuliza. "Nane tu, mama," mkuu wa utumishi alisema, kana kwamba uchache wake ungemfariji. Mtihani mwingine ungekuwa mwaka ujao, na dawati halikuweza kukaa tupu mwaka mzima. Kiti alipewa kijana wa kiume aliyetoka chuoni.

Siku ya mwisho ya chumba cha simu wenzake walimfanyia sherehe ndogo ya soda, wakampa zawadi iliyofungwa kwa karatasi inayochakarika. Alipoifungua na kuipapasa, ilikuwa saa ya ukutani. Waliopiga makofi waligundua katikati ya makofi. Opereta akawashukuru kwa sauti ile ya kazini, akasema ni nzito, bila shaka ni nzuri. Nyumbani alimwambia Fundi aitundike.

Waliishi vizuri, kwa namna ya kutisha. Opereta alimsalimia mumewe, alimwekea maji ya kuoga, alimwuliza habari za kibandani. Barua ya benki ilipokuja kwenye karatasi, aliipeleka kwa jirani amsomee.

Wiki ya tatu baada ya sherehe ile, Jumamosi mchana, simu ililia na Mgeni akatangaza: "Mteja wetu mpendwa. Toleo la kitabu chako linalosomeka kwa sauti liko tayari. Asante kwa uvumilivu wako."

Fundi alikuwa akitia mafuta cherehani ya nyumbani. Alisimama na kopo mkononi. Opereta alibonyeza, akangoja, akabonyeza tena. Kidole chake kiliteleza upesi, na Mgeni akawa anataja sura na kukatizwa: moja, mbili, tatu, nne.

"Kama unataka kwenda kazini, nenda," alisema bila kugeuka.

"Nitakaa."

"Sura ya saba," alisema Mgeni. "Kumsikiliza mzazi aliyefiwa na mtoto."

Akasoma. Hakukohoa, hakupunguza mwendo, hakujua yuko nyumbani kwa nani. Alisoma habari za homa na chupa ya dawa kwa sauti ile ile aliyosomea hali ya hewa. Alisoma ningejua, ningejua. Opereta alikuwa amekaa wima, viganja juu ya meza, kama mtu anayengoja karatasi ije chini ya vidole vyake. Fundi alisimama ameegemea ukuta. Alizijua sentensi zote kabla hazijafika, na alijua ile moja iko wapi.

"Maneno ya kuepuka," alisema Mgeni. "La kwanza. Mungu atakupa mwingine."

Opereta akamsimamisha. Saa ya ukutani ilisikika.

"Nilisema mimi," Fundi alisema.

"Najua ulisema wewe. Nilikuwapo. Ndilo lililokufanya uruke?"

"Ndilo."

"Si mimi kuumia."

"Na hilo pia. Lakini ndilo."

Opereta alitikisa kichwa taratibu, mara nyingi. "Hii sura umeisoma mara ngapi?"

"Kila asubuhi. Kabla sijafungua dirisha."

"Peke yako."

"Peke yangu."

"Miaka kumi na moja," Opereta alisema, na sasa sauti ya kazini ilimtoka yote, ikabaki ya mama aliyekaa sakafuni, "nilidhani katika nyumba hii anayemkumbuka ni mimi tu. Nikakuchukia kwa hilo, mume wangu. Na wewe ulikuwa naye kibandani, unasoma peke yako, mimi niko hapa nakariri walevi."

Fundi alitaka kusema nisamehe, akaona neno lenyewe ni dogo, halitoshi hata kufunika goti. Mkewe akamruhusu Mgeni aendelee. Alisoma hatua ya kwanza, hatua ya pili, alama thelathini zote moja baada ya nyingine, zimechelewa, hazina tena kazi. Kwenye ya tano alisema: "Mwite mzazi kwa jina la mtoto, kama alivyokuwa akiitwa. Kisha nyamaza."

Fundi aliweka chini kopo la mafuta. Mikono ilikuwa imechafuka, akaifuta kwenye suruali.

"Mama Kijiko," alisema.

Ilichukua muda.

"Abee."

Hakuwa na la kuongeza. Alikuwa ameita tu. Opereta aliinamisha uso mezani akalia, mkono mmoja ukiwa umebaki wazi upande wake, na Fundi hakujua kama ameachiwa yeye au umesahauliwa, akabaki akiutazama. Juu ya meza Mgeni, ambaye hakuna aliyemwambia anyamaze, aliingia Sura ya Nane, akaanza kuwasomea habari za walevi.